Seán Óg Ó hAilpín: Mwana wa Rotuma katika Mchezo wa Waayalandi

Wasomaji wengi wa jarida hili ni watu ambao hawakuzaliwa ndani ya Kiswahili. Sisi tunaofundisha huku Uganda twalijua jambo hilo vema, maana aghalabu wanafunzi wetu hukikuta Kiswahili darasani, sokoni au barabarani, hali wamekwisha kuwa na lugha nyingine kinywani. Kwa ajili hiyo tumeona inafaa, katika kurasa hizi za utamaduni, kusimulia habari za mtu wa mbali ambaye naye aliikuta lugha ya taifa lake akiwa amekwisha pata akili, na akaikuta pamoja na mchezo. Mtu huyo ni Seán Óg Ó hAilpín, mchezaji wa halingi wa kaunti ya Cork nchini Ayalandi. Baba yake ni Mwayalandi, na mama yake asili yake ni kisiwa cha Rotuma katika bahari ya Pasifiki. Alizaliwa Fiji tarehe 22 Mei 1977, akakulia Australia, akafika Cork mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mwezi wa Septemba 2005 alisimama jukwaani mjini Dublin, nahodha wa timu bingwa, akalihutubia taifa kwa Kiayalandi toka neno la kwanza hadi la mwisho. Manahodha wengi waliozaliwa na kulelewa katika nchi ile hawakupata kufanya hivyo.

Yapasa kwanza tuueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa huku kwetu haujulikani. Halingi, ambayo kwa Kiayalandi huitwa iománaíocht, huchezwa na watu kumi na watano kila upande, katika uwanja mkubwa kuliko ule wa kandanda, ambao urefu wake waweza kufika mita 145. Kila mchezaji hushika gongo lenye ncha bapa iliyopinda, liitwalo camán, nalo kwa desturi huchongwa kwa mti ambao Waayalandi huuita fuinseog, mti mgumu lakini wenye kunyumbuka. Mpira, au sliotar, ni mdogo, umeshonwa kwa ngozi, na uzito wake ni gramu 110 hadi 120. Mchezaji aweza kuupiga ukiwa chini au ukiwa hewani. Aweza kuudaka kwa mkono. Na aliye hodari huuweka juu ya bapa la gongo akakimbia nao bila kuuangusha, huku wapinzani wakimsukuma kwa mabega. Mgeni akiutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza hudhani ni ugomvi. Akiutazama mara ya pili ndipo huona ufundi wa macho na mikono.

Milingoti ya goli ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ni goli, nalo huhesabiwa pointi tatu. Ukipita juu yake, kati ya milingoti miwili, ni pointi moja. Basi msomaji akiona hapa chini matokeo yameandikwa 1-21, ajue kuwa ni goli moja na pointi ishirini na moja, yaani jumla ni pointi ishirini na nne. Wachezaji hawalipwi mshahara. Yule anayeshangiliwa Jumapili na watu elfu themanini, Jumatatu yuko kazini kwake, awe mwalimu, mkulima, askari polisi au karani wa benki. Kila mmoja huchezea klabu ya mtaa au parokia yake, na akionekana bora huchaguliwa kuichezea kaunti yake.

Mchezo huu ni wa kale sana, na mwaka 2018 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa liliutia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Lakini ushahidi unaotuvuta zaidi sisi walimu wa lugha ni wa mwaka 1366. Mwaka huo bunge la watawala wa Kiingereza lilikutana katika mji wa Kilkenny, likatunga sheria za kuwazuia Waingereza waliohamia Ayalandi wasigeuke kuwa kama wenyeji. Sheria hizo ziliwakataza wasiseme Kiayalandi wao kwa wao, na zikawakataza pia wasicheze mchezo wa kupiga mpira kwa magongo. Wakaamriwa wajifunze kutupa mishale na mikuki badala yake. Ajabu ni kwamba sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, ndiyo lugha ya mahakama ya wakubwa wa siku zile. Hata hivyo twaona kuwa waliotunga sheria hiyo walifahamu jambo moja barabara: kwamba lugha na mchezo hukaa nyumba moja, na atakaye kumtenga mtu na kimoja hana budi kumtenga na cha pili.

Sheria ya Kilkenny haikufua dafu. Mambo yaliyokiangusha Kiayalandi yalikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1831 zilifunguliwa shule za serikali ambazo masomo yake yalitolewa kwa Kiingereza. Kisha, kati ya 1845 na 1852, ilikuja Njaa Kuu baada ya viazi kuoza mashambani. Watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi, na walioumia zaidi walikuwa maskini wa magharibi na kusini, ndio hasa waliokuwa wakisema lugha hiyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1851 wasemaji walikuwa takriban milioni moja na nusu. Ilipofika 1891 hawakutimia laki saba.

Katika shule nyingi za karne ile ya kumi na tisa palikuwa na kijiti kilichoitwa bata scóir. Mtoto alifungwa kijiti hicho shingoni kwa uzi, na kila aliposikika akisema Kiayalandi kilitiwa alama kwa kisu. Jioni alama zilihesabiwa, naye akachapwa kwa idadi yake. Mara nyingi wazazi wenyewe ndio waliotaka hivyo, kwa kuwa waliona riziki ya watoto wao iko Liverpool na Boston. Hatuna haja ya kuwaeleza sana walimu wa Afrika ya Mashariki maana ya kijiti hicho. Wako miongoni mwetu waliovikwa kibao au mfupa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani uani mwa shule, na wako ambao, tusifichane, wamewavika wenzao.

Aliyeanza kuunyanyua mchezo alikuwa mwalimu. Michael Cusack, mtu wa kaunti ya Clare aliyekuwa na shule yake mjini Dublin ya kuwatayarisha vijana kwa mitihani ya kazi za serikali, aliwakutanisha wenzake wachache katika hoteli moja ya mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884. Hapo ndipo kilipoundwa chama cha michezo ya Kiayalandi, Cumann Lúthchleas Gael. Mwaka 1893 kikafuata chama cha lugha, Conradh na Gaeilge. Vyama hivyo viwili vilikaa kama ndugu. Nchi ilipopata kujitawala mwaka 1922, Kiayalandi kilitajwa kuwa lugha ya taifa, kikawa somo la lazima mashuleni, na hadi leo chama cha michezo kina kanuni ya kuitumikia lugha hiyo. Desturi ikaenea kwamba nahodha anapopokea kombe husema maneno machache ya Kiayalandi, kuwasalimu watu na kueleza furaha yake, kisha huhamia Kiingereza. Watu wa huko wameizoea sana desturi hii hata wengine huifanyia mzaha. Lakini kwa macho yetu yafanana na hotuba za baadhi ya wakubwa wetu, ambao hutoa salamu kwa Kiswahili halafu hukifungia Kiswahili mlango.

Sasa tumfuate kijana wetu. Baba yake, Seán, ni mtu wa kaunti ya Fermanagh kaskazini, ambako kandanda ya Kiayalandi hupendwa na halingi ni nadra. Mama yake, Emeli, ni wa Rotuma. Kisiwa hicho ni sehemu ya nchi ya Fiji lakini kiko mbali upande wa kaskazini, na watu wake wana lugha yao wenyewe isiyofanana na Kifiji. Wataalamu wa lugha wanaijua Rotuma kuliko wanasiasa wanavyoijua, kwa sababu karibu kila neno la Kirotuma lina maumbo mawili, moja kamili na moja lililofupishwa, mara nyingi kwa kubadilishana nafasi za irabu na konsonanti ya mwisho. Familia ilihamia Sydney, na huko mtoto akacheza ragbi kama watoto wengine wa Australia. Mwaka 1988 baba akaamua kuirudisha familia Ayalandi, wakakaa upande wa kaskazini wa mji wa Cork.

Jina lenyewe la kijana lastahili kusimamiwa kidogo. Óg maana yake ni mdogo, basi Seán Óg ni Seán Mdogo, mwana aliyepewa jina la baba. Ó ni mzao, kama ambavyo watu wa pwani husema bin au wa. Na ile h iliyochomekwa kabla ya Ailpín imetokea kwa sababu neno linaanza kwa irabu. Kiayalandi ni lugha ambayo maneno yake hubadilika kichwani. Cork ni Corcaigh, lakini mtu akisema yuko Cork husema i gCorcaigh. Mwanafunzi Mwingereza hutaabika sana kwa jambo hilo. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye amezoea kuona ulimi mmoja ukiwa ndimi mbili, pengine asingeshtuka sana.

Kwa muda mrefu kanuni za elimu za Ayalandi zimeruhusu mtoto aliyepata masomo yake ya mwanzo nje ya nchi asamehewe somo la Kiayalandi akifika akiwa na umri kama ule. Wengi hushukuru na kuichukua ruhusa hiyo. Seán Óg alikifuata Kiayalandi. Alisoma katika shule ya North Monastery, iliyo juu ya mlima upande wa kaskazini wa mji, shule ya Mabradha wa Kikristo yenye sifa mbili za zamani: kufundisha lugha na kutoa wachezaji wa halingi. Huko lugha haikuwa tu maswali ya mtihani. Majina ya timu, ya viwanja, ya magongo na ya mipira, yote yalikuwa ya Kiayalandi, na mtoto aliyetaka kucheza aliyatamka kila siku bila ya kuambiwa kuwa yuko somoni. Sura yake ilimtofautisha na wenzake, na mchezo alioukuta hakupata kuushika gongo lake huko alikotoka. Wenzake walikuwa wamelishika tangu walipoanza kutembea. Alichukua gongo akajifunza kwa kurudiarudia, kama mtu ajifunzavyo tahajia.

Klabu yake ya mtaani ni Na Piarsaigh, yaani watu wa jina la Pearse. Huenda msomaji akamkumbuka Patrick Pearse kwa ajili ya maasi ya mwaka 1916, ambayo kwayo yeye na nduguye William walipigwa risasi na Waingereza. Lakini kabla ya hayo Pearse alikuwa mwalimu. Mwaka 1908 alifungua shule yake, Scoil Éanna, iliyofundisha kwa lugha mbili, na aliandika maneno makali juu ya elimu ya kigeni iliyomfanya mtoto kuwa mashine. Tena baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe kutoka Uingereza, na Kiayalandi chake mwenyewe Pearse alikipata shuleni. Basi klabu iliyomlea mtoto wa Rotuma ilikuwa na jina la mtu ambaye naye lugha aliitafuta.

Ngazi za mchezo alizipanda upesi. Mwaka 1995 alikuwa katika timu ya vijana ya Cork iliyotwaa ubingwa wa Ayalandi nzima. Mwaka 1996 akaingia katika timu ya watu wazima. Mwaka 1997 na 1998 akatwaa ubingwa wa walio chini ya miaka ishirini na mmoja. Wakati huo huo alisoma katika chuo kikuu mjini Dublin, na alikuwa akichezea Cork pia katika kandanda ya Kiayalandi, jambo ambalo wachache huliweza, kwa kuwa kila mchezo una mazoezi yake na majeraha yake.

Mwaka 1999 ndio uliomfanya ajulikane nchi nzima. Cork ilikuwa haijatwaa kombe la halingi tangu 1990, muda ambao kwa kaunti ile ni ukame. Kocha Jimmy Barry-Murphy, ambaye enzi zake alikuwa mchezaji mashuhuri, aliamua kuwatumainia vijana. Fainali ilichezwa siku ya mvua dhidi ya Kilkenny. Hakuna goli hata moja lililofungwa, na Cork ikashinda 0-13 kwa 0-12. Seán Óg alikuwa mlinzi wa pembeni, upande wa kushoto, nafasi ambayo ilikuwa yake kwa miaka mingi baadaye. Majuma mawili yalipopita alirudi katika uwanja ule ule wa Croke Park kuichezea Cork fainali ya kandanda, na safari hii wakashindwa na Meath. Fainali mbili za taifa, michezo miwili, mwezi mmoja. Na umri wake ulikuwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka 2001 alipata ajali ya gari. Mshipa unaoshika pia ya goti ulikatika, na palikuwa na shaka kubwa kama atacheza tena. Kwa mchezaji asiyelipwa, jeraha la namna hiyo si jambo dogo. Hakuna mshahara wa klabu wa kumtunza mpaka apone, naye ana kazi yake ya kila siku. Alirejea taratibu kwa mazoezi ambayo wenzake hutaja hadi leo. Mwishoni mwa 2002 wachezaji wa Cork, yeye akiwa pamoja nao, waligoma, wakidai matibabu bora, usafiri na vifaa vya kufaa. Mgomo ule uliwagawa mashabiki. Wako walioona kuwa mtu anayecheza kwa heshima ya kaunti yake hapaswi kudai kitu. Sisi twaona kuwa heshima haimfungi mtu jeraha, na walimu waliowahi kudai chaki na posho ya safari watalielewa dai lile bila ya kuelezwa.

Miaka mitatu iliyofuata ndiyo kilele chake. Mwaka 2003 Cork ilifika fainali, na mdogo wake Setanta, jina alilopewa kwa heshima ya shujaa wa hadithi za kale za Ayalandi, akafunga goli; lakini Kilkenny wakashinda 1-14 kwa 1-11. Setanta akaondoka kwenda Australia kucheza kandanda ya huko kwa mshahara. Seán Óg akabaki. Mwaka 2004 Cork na Kilkenny walikutana tena, Cork ikashinda 0-17 kwa 0-9, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Mwaka huo huo Na Piarsaigh walitwaa ubingwa wa kaunti ya Cork, na kwa desturi ya kaunti ya wakati ule, klabu bingwa ndiyo iliyopewa haki ya kumtoa nahodha wa mwaka uliofuata. Ndivyo unahodha ulivyomfikia.

Tarehe 11 Septemba 2005 Cork ilicheza fainali na Galway mbele ya watu zaidi ya elfu themanini, ikashinda 1-21 kwa 1-16. Kombe analopokea nahodha siku hiyo huitwa Liam MacCarthy, kwa jina la mtu aliyezaliwa London mwaka 1853, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ayalandi. Hata kombe, basi, lina jina la mtu wa ughaibuni. Na upande wa pili uwanjani walikuwa watu wa Galway, kaunti yenye sehemu kubwa kuliko zote ya watu ambao Kiayalandi ni lugha yao ya nyumbani. Nahodha wa Galway mwaka 1980, Joe Connolly, aliwahi kutoa hotuba ya ushindi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kwa Kiayalandi, nayo hukumbukwa mpaka sasa. Lakini Connolly alikuwa Mgalway. Aliyefuata nyayo zake miaka ishirini na mitano baadaye alizaliwa katika visiwa vya Pasifiki.

Watu walitazamia zile salamu chache za desturi. Seán Óg akaanza kwa Kiayalandi, akaendelea kwa Kiayalandi, akamaliza kwa Kiayalandi. Hapana shaka wengi uwanjani hawakuweza kufuata kila neno, ijapokuwa kila mmoja wao aliyesoma shule za nchi hiyo alikuwa amefundishwa lugha ile kwa miaka zaidi ya kumi. Hapo ndipo penye uchungu, na ndipo penye uzuri pia. Mtu ambaye angeweza kusamehewa somo alikuwa akiwasemesha lugha yao watu ambao hawakusamehewa.

Mtangazaji Mícheál Ó Muircheartaigh, ambaye alitangaza michezo hii kuanzia 1949 hadi 2010 na kufariki 2024, amebaki akitajwa kwa neno moja alilosema juu ya mchezaji huyu: kwamba baba yake atoka Fermanagh na mama yake Fiji, na hakuna hata pamoja kati ya hapo panaposifika kwa halingi. Watu hucheka wanapolirudia. Yafaa ikumbukwe kwamba Ó Muircheartaigh alikuwa msemaji wa lugha ile, mtu wa Kerry, tena alikuwa mwalimu kabla ya kushika kazi ya utangazaji peke yake. Neno lake halikuwa la dharau. Wenyeji wa Ayalandi, ambao kwa karne moja na nusu walikuwa wakisafirisha watoto wao kwenda kuwa watu wa nchi nyingine, walikuwa wanaanza kujifunza kuwa watoto wa nchi nyingine nao waweza kuwa Waayalandi, na mtangazaji alilisema hilo kwa njia ambayo haikumkera mtu.

Mwaka 2005 ulikuwa na mambo mengine ya lugha. Mwezi wa Juni Umoja wa Ulaya ulikata shauri kukipokea Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya umoja huo, kuanzia tarehe 1 Januari 2007. Na huku kwetu, katika mwaka huo huo, Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Hatutaki kuyalinganisha mambo haya kupita kiasi. Kiayalandi ni lugha ya wenyeji iliyopungukiwa na wasemaji. Kiswahili kina wasemaji kwa mamilioni na hakiko katika hatari ya kufa. Lakini ugonjwa mmoja tunashiriki. Lugha yaweza kuandikwa katika katiba na bado watu wakaiona kuwa ni ya mtihani tu, au ni ya watu fulani. Huko Ayalandi Kiayalandi kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni lugha ya umaskini. Huku Uganda wazee wengi walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa askari wenye bunduki, na mwalimu anayeingia darasani na kitabu cha sarufi huingia akiwa amekibeba kivuli hicho mgongoni, apende asipende.

Wako watakaosema kwamba hotuba ya mwanamichezo haifufui lugha, nasi hatuwapingi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu 1,873,997 katika Jamhuri ya Ayalandi walijibu kuwa wanaweza kusema Kiayalandi, lakini waliosema kuwa hukitumia kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo kazi ya mwalimu. Shule imewapa watu karibu milioni mbili maneno. Haikuwapa mahali pa kuyasemea. Tukimtazama Seán Óg twaona kuwa yeye alipewa vyote viwili mara moja, darasa na uwanja, na kwamba alikuwa na haja ambayo mzawa hana: mzawa haulizwi kama ni wa hapa. Mgeni huulizwa kila siku, na lugha ni jibu ambalo halina haja ya kutazamwa usoni. Kwa maoni yetu ndiyo sababu mara nyingi wanafunzi wetu bora wa Kiswahili si wale waliokikuta nyumbani, bali ni wale ambao Kiswahili kimewafungulia mlango fulani, iwe ni biashara mpakani Busia au Malaba, iwe ni ndoa, iwe ni urafiki.

Miaka yake ya mwisho uwanjani haikuwa na utukufu kama ule. Mwaka 2006 Cork ilitafuta ubingwa wa tatu mfululizo, Kilkenny wakaizuia katika fainali, 1-16 kwa 1-13. Na tangu hapo Kilkenny ndio waliotawala mchezo kwa miaka kadhaa. Kaunti ya Cork ikaingia katika migogoro mingine miwili kati ya wachezaji na viongozi, mmoja mwaka 2007 hadi 2008 na wa pili mwaka 2008 hadi 2009, ambayo iliwachosha wote. Mdogo wake mwingine, Aisake, alijiunga na timu, wakacheza pamoja kwa muda. Mwishoni mwa msimu wa 2010 Seán Óg aliambiwa kuwa hahitajiwi tena. Alikaa nje mwaka mzima wa 2011, akiendelea kuichezea Na Piarsaigh mtaani kwake, na Jimmy Barry-Murphy aliporudi kuwa kocha akamwita tena mwaka 2012. Cork ilifika nusu fainali, ikashindwa na Galway 0-22 kwa 0-17. Baada ya hapo alistaafu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na ubingwa wa Ayalandi mara tatu, wa jimbo la Munster mara tano.